Paka na mimea ya ndani: kwanza jua una saa ngapi

Orodha nyingi za mimea yenye sumu kwa paka zina kasoro moja kubwa: zinaweka mshubiri na lili kwenye safu moja. Yote imeandikwa "ina sumu", basi, imeisha. Mwenye paka anasoma, anakuta nusu ya mimea yake ya sebuleni imo, anakata tamaa na kuacha vitu vilivyo. Mbona paka keshatafuna mani planti mara tatu na bado anaruka madirishani? Kisha siku moja linaingia ndani shada la maua lenye lili, naye analitazama kwa jicho lilelile. Hapo ndipo paka anapopotea.

Mimi mimea naipanga kwa maswali mawili: huu ukiliwa unaumiza kiungo gani, na kuna saa ngapi kabla madhara hayajawa ya kudumu? Ukiyajibu kwa kila chungu kilichomo ndani, utajua kipi kitoke leo, kipi kihamishwe na kipi kibaki palepale.

Lili haina kiasi salama

Tuanze na jina, maana jina ndilo linaloponza watu. Ukiuliza yungiyungi pwani utaonyeshwa ua linaloelea bwawani. Hilo silo tunalozungumzia hapa. Kwa wauza maua, neno "lili" linabeba mimea mingi isiyo na undugu wowote. Ile inayoua figo za paka imo katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) mbili tu, Lilium na Hemerocallis.

Lilium utaitambua hivi: ua kubwa la petali sita, katikati kuna stameni (vijiti vya kubeba chavua) sita ndefu, na kila moja ina kichwa kinachoning'inia kama herufi T, kimejaa chavua ya rangi ya kutu au manjano iliyokolea. Ukiigusa inakutia doa kwenye vidole na kwenye shati. Majani yake yamepangana kando ya shina lote. Hemerocallis huoteshwa zaidi bustanini: majani marefu membamba kama nyasi yanatoka chini kabisa, na kila ua hudumu siku moja tu.

Sasa zilizobeba jina bila kuwa zenyewe. Zantedeschia, lile ua jeupe lililojikunja kama faneli lenye kijiti cha manjano ndani, huunguza mdomo lakini haligusi figo kwa namna hii. Spathiphyllum, yenye kitambaa cheupe kimoja nyuma ya kijiti chenye vinundu, ni hivyo hivyo. Alstroemeria, inayolimwa sana Kenya na kuwekwa karibu kila shada, huvuruga tumbo tu. Nyinyoro, yenye kitunguu chini ya udongo, hutapisha, na kitunguu chake ndicho kibaya kuliko majani. Gloriosa, ule mmea wa kwetu unaotambaa, wenye ua jekundu lenye kingo za manjano na majani yenye ncha za kujishikilia, ni hatari kwa sababu nyingine kabisa: una sumu iitwayo kolkisini, na unaweza kuua paka, mbwa na mtu.

Turudi kwa Lilium na Hemerocallis. Kila sehemu ina sumu: petali, jani, shina, chavua, na hata maji ya chombo cha maua. Paka akipita karibu na shada, chavua ikamdondokea mgongoni, akaja kujilamba jioni, tayari ameshakula. Kipande cha jani kinatosha. Sumu yenyewe haijatambuliwa kwa jina la kikemikali, ila kazi yake inajulikana vizuri: inaua seli za mirija midogo ya figo. Mbwa akila lili hutapika tu na kupona, kwa hiyo ushauri wa jirani mwenye mbwa usiupokee.

Mtiririko wake ndio unaohadaa. Saa chache baada ya kula paka anatapika, anadondosha mate, anajikunyata na kususa chakula. Ikifika kama saa ya 12 tangu kula, kutapika kunapungua, pengine anakaa vizuri kidogo, na mwenye paka anashukuru kwamba yamepita. Wakati huohuo figo ndiyo zinaharibika. Kati ya saa ya 12 na ya 24 paka anakojoa sana na kunywa sana. Kati ya saa ya 24 na ya 72 figo zinashindwa, mkojo unapungua, kisha unakatika. Asipotibiwa, kifo huja ndani ya siku 3 hadi 7.

Tiba ikianza ndani ya saa 18 tangu kula, paka wengi hupona. Ikichelewa zaidi ya hapo matumaini yanashuka haraka, na mkojo ukishakatika kinachobaki ni kuchuja damu kwa mashine, jambo ambalo kwa paka halipatikani karibu popote Afrika Mashariki. Ndiyo maana nasema tusisubiri dalili. Kwa mmea huu, kuonekana tu kwa alama za meno kwenye jani ni sababu ya kutoka nyumbani.

Wengine hushauri kukata vichwa vya chavua ili ua libaki. Usifanye hivyo. Umeondoa sehemu moja kati ya tano, na maji ya chombo yamebaki pale mezani. Nyumba yenye paka haiwekwi lili, hata ya siku moja, hata iliyofungiwa chumba cha wageni. Ukiagiza shada la harusi, la mgonjwa au la msiba, mwambie muuzaji kabla hajaanza kulifunga: "Usiweke Lilium, nina paka." Ukiletewa tayari limo, lili hiyo haipelekwi jikoni. Itoe nje, mwaga maji, sugua chombo kwa sabuni, futa meza kwa kitambaa chenye maji, na fagia palipodondoka chavua.

Ukimkuta amekula

Saa zinahesabiwa tangu alipokula, si tangu alipoanza kutapika. Kama hujui alikula lini, hesabu kuanzia mara ya mwisho ulipouona mmea ukiwa mzima, na ufanye kazi kwa hesabu hiyo mbaya zaidi.

Mtoe paka kwanza kwenye mmea, mfungie chumba kimoja. Kama mdomoni kuna jani, litoe kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa, kama anakuruhusu. Chavua kwenye manyoya usiipige maji moja kwa moja, kwa sababu inasambaa na kushika. Ibandue kwanza kwa selotepu, kipande baada ya kipande, kisha osha sehemu ile kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza vizuri. Muda wote huo mviringishe kwenye taulo asipate nafasi ya kujilamba.

Piga simu kabla ya kuondoka. Madaktari wengi wa mifugo kwetu kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na paka anayetapika ni rahisi kuchukuliwa kama paka wa tumbo la kawaida. Kwa hiyo sema kwa maneno haya: "Paka amekula lili ya jenasi ya Lilium, sumu ya figo, imepita saa kadhaa." Taja sehemu aliyokula, kiasi unachokadiria, na uzito wake. Kama hujui uzito, simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Halafu uliza mambo matatu: una mkaa wa dawa? Unaweza kumweka kwenye dripu ya mshipa kwa siku 2 au 3? Unaweza kupima kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo? Akikosa dripu ya mshipa, muulize nani anayo, nenda moja kwa moja huko. Maji yanayochomwa chini ya ngozi husaidia paka aliyepungukiwa maji, lakini hayafanyi kazi ya kusafisha figo kwa kasi inayotakiwa hapa.

Chukua tawi la mmea kwenye mfuko, au picha ya jani, ua na shina. Matapishi nayo yachukue, hata kama yanachukiza.

Ukifika mapema, daktari atamtapisha kwa sindano, atampa mkaa wa dawa (kiwango cha kawaida ni gramu 1 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito), kisha dripu kwa takribani mara mbili ya mahitaji ya kawaida ya mwili, kwa saa 48 hadi 72. Damu inapimwa siku ya kwanza, kisha baada ya saa 24 na 48, na mkojo unafuatiliwa. Kipimo cha kwanza kikiwa safi hakimaanishi turudi nyumbani. Kreatinini huchelewa kupanda, na kama sababu ya kumleta ni lili, dripu inaendelea.

Sasa yale ya kutofanya, na hapa naomba nisikilizwe na kila mtu nyumbani, dada wa kazi na watoto wakiwemo, maana mara nyingi wao ndio wanaokuwapo.

Maziwa. Kwetu kila sumu inatibiwa kwa maziwa, na kwa paka kila mtu anaona ni jambo la asili. Kwa lili maziwa hayafanyi lolote ila kula muda. Yana nafasi yao ndogo, nitaieleza chini, kwa mimea ya aina nyingine.

Maji ya chumvi ya kumtapisha yanaweza kupandisha sodiamu mwilini hadi paka apate degedege. Haidrojeni peroksidi, ambayo baadhi ya madaktari huielekeza kwa mbwa, kwa paka huchubua tumbo hadi litoke damu. Mafuta ya kula yakilazimishwa mdomoni huingia kwenye mapafu. Mkaa wa jikoni uliosagwa si mkaa wa dawa: ule wa dawa umetengenezwa uwe na matundu madogo mno yanayonasa sumu, wa jikoni utamchafua mdomo tu. Na kwa hali yoyote ile usimpe paka paracetamol. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, na kidonge kimoja kinaweza kumuua chenyewe, bila mmea wowote.

Mingine inayoua: moyo na ini

Mtapo. Pwani yetu ina mtapo wake wa asili, Cycas thouarsii, lakini unaouzwa kwenye vyungu vya kupamba baraza mara nyingi ni Cycas revoluta wa asili ya Japani, mfupi, wenye majani magumu yaliyotandazwa kama shada. Wauzaji huuita mnazi mdogo au pamu. Si pamu hata kidogo, na kosa hilo ndilo linalowafanya watu wauone salama. Una saikasini, sumu ya ini. Sehemu zote ni hatari, mbegu zaidi. Kutapika huanza ndani ya saa chache, na siku ya pili au ya tatu unaona weupe wa macho na fizi vinageuka manjano. Hapo ini limeshaumia. Mpeleke siku ileile aliyotafuna.

Oleanda, Kalanchoe na waridi la jangwa zinashika moyo. Kalanchoe ndiyo ya kuangalia ndani ya nyumba, kwa sababu huuzwa kwenye vikopo vidogo ikiwa imechanua nyekundu, njano au pinki, saizi ya kuwekwa juu ya meza ambapo paka hulala. Maua yake yana sumu nyingi kuliko majani. Waridi la jangwa, lenye shina nene kama chupa, ni la nchi zetu kavu, na utomvu wake umetumika Afrika kutia sumu kwenye mishale. Habari hiyo peke yake inatosha kukwambia lisikae kwenye dirisha la paka. Dalili ni kutapika, kuhara, kulegea, mapigo ya moyo yaliyopotea mpango. Hakuna la kufanya nyumbani.

Inayounguza mdomo

Hili ndilo kundi kubwa zaidi kwenye sebule zetu: mani planti (Epipremnum), Monstera, Philodendron, Dieffenbachia, Syngonium, Spathiphyllum, Zantedeschia, na Zamioculcas, ile yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ambayo asili yake ni Afrika Mashariki hadi kusini. Yote ina fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, zilizofungashwa ndani ya seli. Paka anapouma, seli zinapasuka na sindano zinachoma ulimi, fizi na koo.

Maumivu yanakuja papo hapo, na hilo ndilo linalomwokoa paka: huuma mara moja, huacha. Utamwona anatikisa kichwa, anadondosha mate, anajikuna mdomo kwa mguu wa mbele. Futa mdomo kwa kitambaa chenye maji safi, mpe maji ya kunywa. Hapa ndipo maziwa yana kazi: kijiko kimoja cha chai cha maziwa au mtindi usio na sukari kinaweza kutuliza. Kijiko kimoja, si bakuli, maana paka wengi wazima huharishwa na maziwa. Usimtapishe, kwa sababu sindano zilezile zitapita koo mara ya pili. Wengi huwa sawa ndani ya saa 12 hadi 24. Kinachokupeleka kwa daktari usiku huohuo ni ulimi uliovimba, sauti iliyobadilika, au kupumua kwa shida. Dieffenbachia ndiyo kali zaidi kati ya hizi, nami ningeitoa kwenye nyumba yenye paka mtoto.

Mnyaa nao huunguza, ila kwa utomvu mweupe. Vipande vyake huuzwa siku hizi kwenye vikopo vya mezani. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha daktari. Nawe ukiukata, vaa glavu.

Inayovuruga tumbo, na moja ya jikoni

Mshubiri, Sansevieria na Dracaena: kutapika, kuhara, mate. Kwenye Dracaena unaweza pia kuona mboni za macho zimetanuka. Hamisha mmea, mpe maji, mfuatilie. Akitapika zaidi ya mara tatu au akisusa chakula siku nzima, nenda.

Jikoni kuna kitu ambacho watu hawakihesabu kama mmea wa ndani, nacho ni kitunguu cha majani kilichopandwa kwenye kopo dirishani. Kitunguu, saumu na jamii yao yote huvunja chembe nyekundu za damu za paka. Gramu 5 kwa kila kilo ya uzito zinatosha kuonyesha madhara, maana yake gramu 20 tu kwa paka wa kilo 4, kiasi cha robo ya kitunguu kidogo. Kupika hakuondoi sumu hiyo, na unga wa kitunguu ni mkali zaidi kwa uzito uleule. Dalili huja baada ya siku kadhaa: fizi nyeupe, uchovu, mkojo mwekundu kama chai ya rangi. Kwa hiyo mchuzi uliobaki nao usimwagiwe paka kwenye sahani yake.

Kilichomo ndani ya chungu, mbali na mmea

Mmea salama unaweza kuwa kwenye chungu chenye hatari. Paka hunywa maji ya kisahani cha chini, na maji hayo yamebeba mbolea yote iliyochujika. Ukitia mbolea ya maji, mwaga kisahani baada ya nusu saa. Vidonge vya konokono vyenye metaldehaidi visiingie ndani kabisa, kwani huleta degedege. Dawa za wadudu zenye permethrini, zile ambazo mbwa anapakwa bila tatizo, huua paka. Kwa vidukari vya kwenye majani, kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha kama utarudia kila baada ya siku 4 au 5 kwa wiki mbili.

Masalia ya kahawa yanayosifiwa kuwa mbolea yana kafeini, ambayo ni sumu kwa paka. Unga wa pilipili juu ya udongo unaishia kwenye kucha, kutoka kucha kwenda machoni, na huo ni ukatili hata kama haukukusudiwa. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini vinavyotawanywa kufukuza paka na nyoka, huharibu damu na ini. Hakuna dawa ya kufukuza paka kwenye chungu iliyo bora kuliko mawe.

Mawe yenyewe yawe makubwa, sentimita 4 na zaidi, paka asiweze kuyasogeza wala kuyameza. Kwa mchimbaji sugu, kata duara la wavu wa kuku, lipasue mpaka katikati upitishe shina, kunja ncha za waya ziangalie chini, kisha panga mawe juu. Maji yanapita, kucha hazipiti.

Urefu haumzuii paka

Paka mwenye afya huruka mita 1.5 kwenda juu bila kujiandaa, na akiwa na kiti na kabati la kukanyagia anafika popote. Rafu si kinga. Kinachofanya kazi ni kuning'iniza kutoka darini, mbali na kitu chochote cha kupandia kwa mita 2 hivi, na kukata mashina yanayoning'inia kila wiki mbili. Mani planti iliyotundikwa juu ikashusha mkia hadi usawa wa kochi ni mchezo uliomtengenezea mwenyewe. Majani yaliyodondoka yaokotwe kila siku.

Njia nyingine ni chumba au baraza lenye mlango unaofungwa, mimea yote ya kundi la kuunguza ikakaa humo. Kwa lili, mtapo, Kalanchoe, oleanda na waridi la jangwa, mlango hautoshi. Hizo zitoke. Paka mtoto wa miezi 3 hadi 6 anabadilisha meno na hutafuna kila kitu, kwa hiyo miezi hiyo hata mimea ya tumbo ihamishwe.

Mpe nyasi zake

Paka hutafuna majani kwa sababu ni tabia yake, ameshiba au hajashiba. Kumkataza bila kumpa mbadala ni kujichosha. Nunua ngano nzima au shayiri sokoni, kwenye magunia ya chakula. Usinunue mbegu ya duka la pembejeo: mara nyingi imepakwa dawa ya ukungu, na rangi ya pinki, nyekundu au kijani juu ya punje ndiyo alama yake. Mtama nao uache, kwa kuwa miche yake michanga hutoa sianidi, jambo ambalo wafugaji wa ng'ombe wanalijua vizuri.

Loweka konzi moja ya ngano kwa saa 6 hadi 8. Chukua kopo pana, sentimita 12 hivi, zito kiasi ili asiliangushe, lenye matundu chini. Jaza udongo sentimita 5, tandaza punje zikaribiane bila kupandana, funika kwa udongo mwembamba, nyunyiza maji. Kwenye joto la pwani zitachipua siku ya 2 au ya 3. Nyanda za baridi ongeza siku mbili. Mpe zikifika sentimita 8 hadi 10, kwenye siku ya 7 hadi ya 10. Kinachoharibu kazi hii ni maji mengi: ukiona ukungu mweupe wenye harufu kwenye shina, tupa kopo zima, usikate sehemu mbovu. Nyasi hukakamaa baada ya wiki 2 au 3, hivyo panda kopo la pili wiki moja baada ya la kwanza, yapokezane. Liweke pale alipozoea kutafuna, si pale panapokupendeza wewe.

Cha kuweka badala yake

Aliyependa Dieffenbachia kwa majani yenye michoro atapata Calathea na Maranta. Aliyependa mtapo atapata Dypsis lutescens, pamu ya kweli kutoka Madagaska. Badala ya mshubiri kuna Haworthia, inayofanana nao kwa umbo lakini haina utomvu ule. Chlorophytum, yenye majani membamba ya mistari myeupe na vitoto vinavyoning'inia, ni salama, ila paka huipenda mno na akila nyingi atatapika kidogo. Nephrolepis, Peperomia, waridi na okidi ya Phalaenopsis zote hazina sumu kwake.

Kwa wanaotaka maua mwaka mzima, nawapa Saintpaulia. Ni ya misitu ya Usambara na milima jirani ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mimea hii, na leo imejaa madirisha ya Ulaya na Marekani kuliko ya kwetu. Inataka mwanga bila jua la moja kwa moja, na maji ya kumwagiwa chini kwenye kisahani, kwa sababu yakitulia juu ya jani lenye manyoya yanaacha madoa. Paka akiuma jani lake, umepoteza jani.

Asmini ya kweli, Jasminum, nayo ni salama. Mrihani vilevile. Kwa hiyo kikuba (maua ya kujipamba yaliyofungwa kwa uzi) alichokivua mama usiku akakiacha juu ya kitanda hakina sumu kwa maua yake. Chenye hatari ni uzi. Paka akimeza uzi, ncha moja hunasa chini ya ulimi na nyingine hushuka, utumbo unajikunja juu yake na uzi unakata kama msumeno. Ukiona uzi unatokeza mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Mfungie asiendelee kuumeza, na umpeleke akapigwe picha ya tumbo siku hiyohiyo. Vikuba na makoja yaliyonyauka yatiwe kwenye ndoo yenye kifuniko kabla ya kulala.